Risala ya Walimu Wakuu wa Shule za Msingi za Umma kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wenyeviti wa kamati za shule,
Ndugu walimu na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo tumechagua kukueleza jambo moja tu: ruzuku ya uendeshaji wa shule na namna bajeti inavyoigusa.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 fedha zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Utaratibu huo tunaupongeza bila kigugumizi. Tatizo letu ni kiwango. Kwa shule ya msingi kilipangwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: Sh 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 hushuka shuleni, yaani Sh 500 kwa mwezi. Hizo Sh 10,000 si hesabu mpya. Zilitokana na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ya mwaka 2002, zilipokuwa zinakaribia Dola 10 za Marekani. Elimu bila ada ilizikuta na kuzichukua zilivyo, ilhali shilingi ilikuwa imeshuka sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hesabu hiyo shule ya wanafunzi 600 hupata Sh 300,000 kwa mwezi; ya wanafunzi 120 hupata Sh 60,000. Lakini shule ndogo nayo hununua umeme wa LUKU, chaki, karatasi na wino wa mitihani, na kitasa cha stoo kikiharibika kinabadilishwa kizima. Mlinzi wa usiku ni mmoja, awe analinda madarasa manne au kumi na manne. Ndiyo maana shule hizi ndizo huwa za kwanza kurudi kwa wazazi kuomba michango, ambayo kisheria ni ya hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa kutoilipa.

Kuna na hili la majengo. Darasa jipya hujengwa kwa fedha za maendeleo, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Matunzo yake huangukia ruzuku, na ruzuku huhesabu vichwa, haihesabu vyumba. Sakafu ikianza kuchimbika, kiraka cha saruji kinashindana na karatasi za mtihani wa muhula.

Kalenda nazo hazioani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, watoto wa darasa la kwanza huandikishwa Januari. Makisio hupangwa kwa takwimu za kabla ya hapo, kwa hiyo shule iliyopokea watoto wengi Januari huwahudumia kwa fedha za idadi ya zamani mpaka takwimu zihuishwe. Mwalimu mkuu anayechelewa kuhuisha takwimu hujiumiza mwenyewe. Hilo tunakumbushana kila kikao.

Kwa hiyo tunaomba utufikishie mambo mawili. Kwanza, kila shule ipewe kiasi cha msingi kisichotegemea idadi ya wanafunzi, ndipo fedha za kila kichwa ziongezwe juu yake. Pili, ruzuku irekebishwe kwa takwimu za uandikishaji wa Januari ndani ya mwaka huohuo wa fedha. Maombi haya yanafaa yafike kabla baraza la madiwani halijapitisha makisio. Bunge likishaketi Aprili, nafasi ya kubadili fungu huwa finyu mno.

Tunaomba kuwasilisha.