Harambee ya Jumapili: mafuta na wakalimani wa safari ya jangwani

Bwana asifiwe wapendwa, poleni na joto la hapa Alice Springs. Leo sio harambee ya spika wala viti, msikimbie, ni ya safari ya kwenda komyuniti za Waaborijini (wenyeji wa asili wa huku) jangwani, kuwafundisha watu kuhusu kirusi kimoja.

Wengi wetu kanisani tunahudumia wazee na wagonjwa so haya mnayajua. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku na bibi mmoja Mwaborijini, kifua kimembana, anatema makohozi kwenye bakuli mpaka alfajiri, akaniuliza we binti, wameniambia nina mdudu kwenye damu, sio ukimwi, sasa ni nini? Nikabaki naweka mto vizuri tu, jibu sina.

Anaitwa HTLV-1. Ni kirusi cha ukoo mmoja na cha ukimwi ila ni kingine kabisa, kimegunduliwa 1980 kabla hata ya HIV, na huku katikati ya Australia kinajulikana kipo tangu 1988. Kuna komyuniti huku zaidi ya watu wazima 4 kati ya 10 wanacho!! Wengi hawaumwi maisha yao yote, lakini wengine kinawaletea kansa ya damu, miguu kupooza, na kwa watu wa huku sana sana mapafu kuharibika. Chanjo hakuna, dawa ya kukitoa hakuna. Kinapita kwa ngono bila kondomu, kwa damu na kwa kunyonyesha (upimaji wa damu ya kuongezewa hapa ulianza 1993, hapo msiwe na shaka). Na nyie ndugu zangu wa Kongo msikae pembeni kama haiwahusu, hata kwetu kipo.

Kule Nagasaki, Japani, tangu 1987 wanapima wajawazito na wenye kirusi wanashauriwa wasinyonyeshe, watoto wanaoambukizwa wakapungua sana. Ila naomba nieleweke, sisi hatuendi kumwambia mama yeyote aache kunyonyesha, maana kule ndani jangwani kopo la maziwa bei yake unaijua na maji sio kila mahali ya kuaminika, mtoto akishikwa na kuhara anaondoka wiki hiyo hiyo wakati kirusi chenyewe kingekaa kimya hata miaka 40. Hilo aongee na nesi wake.

Kwenye safari hii wanaofundisha ni kina mama wazee wa kule kule, wao ndio wameomba, kwa lugha yao, wanawake kivyao wanaume kivyao, sisi ni madereva na wapishi tu, na hapo hapo nesi anakuwepo kwa anayetaka kupima.

Bajeti ni dola 2,600: mafuta ya magari mawili safari tatu, posho ya wakalimani wanne, nyama na unga. Tunazo 740. Pilau inauzwa Jumapili baada ya ibada, sahani dola 15, ahadi zenu mpeni mweka hazina, hata dola 5 anaandika. Na mwenye gari la fowili (four-wheel drive) aniambie kabla ya Ijumaa jamani, hili moja tulilonalo taa ya kushoto imekufa na kangaruu wa usiku mnawajua.