Shoga angu, usimeze chochote kabla hujapima B12

Shoga angu mambo? Mimi mzima ila tangu unitumie picha ya majibu yako ya maabara sijatulia, nimeyasoma mara tatu, nikaona bora nikuandikie maana kwenye simu ntasahau nusu.

Angalia pale palipoandikwa MCV. Hiyo ndo saizi ya chembe nyekundu za damu, kawaida inacheza kati ya 80 na 100, yako 112. Unasema damu imepungua basi utameza vidonge vya madini ya chuma, lakini chuma kikipungua chembe zinakuwa ndogo jamani, zako ni kubwa! Hapo ndo unatakiwa kufikiria vitamini B12 na foleti.

Damu inatengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa, na chembe changa haiwezi kugawanyika mpaka inakili DNA yake kwanza, sasa B12 au foleti ikikosekana kunakili kunakwama huku chembe yenyewe inaendelea kukua, basi inanenepa tu, na nyingi zinafia hukohuko kwenye uboho, ndo maana zinazofika kwenye damu ni chache na kubwa. Hata chembe nyeupe hazisalimiki, kiini chake kinajigawa vipande sita au zaidi, mtu wa maabara anaviona kabisa kwenye darubini.

Kinachonitisha zaidi ni ile ganzi ya vidole uliyoniambia, maana B12 ikikosekana hata mishipa ya fahamu inaguswa. Ini linaweka akiba ya B12 ya miaka, kwa hiyo upungufu unakuja polepole mno mtu anajizoea, anaona ni uchovu tu. Na usianze foliki asidi (ile foleti ya vidonge) peke yake, nakuomba sana, kwa sababu inaweza kurekebisha damu ikaonekana safi wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kwa kukosa B12, na ikikaa hivo muda mrefu madhara mengine hayarudi nyuma.

Muulize daktari pia, kama B12 kweli imepungua, ni kwa nini. We unakula nyama na mayai vizuri, kwa hiyo labda shida ipo tumboni, maana kuna protini inayotoka kwenye ukuta wa tumbo ambayo bila hiyo B12 hainyonywi vizuri hata ule nini. Na mwambie unatumia metformini, ile dawa ya kisukari, hiyo nayo inaweza kupunguza B12, usisahau hilo!

Zamani ugonjwa huu ulikuwa unaua, mpaka 1926 Minot na Murphy kule Marekani walipoonyesha wagonjwa wakilishwa maini mengi kila siku wanapata nafuu. Siku hizi mara nyingi ni sindano za B12 tu, na ndani ya wiki hivi chembe changa zinaanza kujaa kwenye damu.

Kesho nenda asubuhi ukapime, halafu majibu yakitoka nitumie picha saa yoyote, hata usiku, ntakuwa macho.