Kabla ya kumpeleka mwanao China kunoa Kichina

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkalimani wa Kichina hapa Kariakoo. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, wafanyabiashara ninaowatafsiria huanza kunivuta pembeni: "Dada, mwanangu ameanza Kichina, nataka akakinoe mwaka mmoja. Nimpeleke Guangzhou, mjomba wake ana ofisi kule." Naomba nafasi niwajibu wote kwa mpigo.

Guangzhou msimpeleke. Mji hauna ubaya, na mzigo mtaendelea kuuchukua huko huko. Lakini kijana wa Kitanzania akiingia kwenye masoko ya jumla, muuza nguo hahangaiki kumsemesha Kichina. Anabonyeza bei kwenye kikokotoo, anamgeuzia kioo. Kijana naye anafuta, anabonyeza yake. Wanapatana bila mtu kufungua mdomo. Wenyeji, hasa watu wazima, wakiongea wao kwa wao ni Kikantoni, Kichina cha kwao, na hapo mwenye Mandarini, yaani Kichina sanifu kinachofundishwa darasani, haambulii kitu. Jioni anarudi kwa mjomba, wali maharage na Kiswahili.

Mimi nilisomea Harbin, kaskazini kabisa, ambako Januari nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Kina mama wakisikia hivyo hunipa pole utadhani nimetoka kifungoni. Lakini Mandarini ya kule iko karibu sana na ile ya redioni, na muuza duka wa mtaani hana Kiingereza cha kukuokoa. Karibu na bweni letu kulikuwa na bibi aliyeuza mapeasi yaliyogandishwa, meusi tii. Nne na kumi za Kichina zinakaribiana mno, na ulimi wangu ulikuwa unazichanganya. Bibi anashikilia chenji, ananitamkisha tena na tena mpaka sauti ipande na kushuka inapotakiwa, ndipo ananipa. Mwalimu mwenye darasa zima atapata wapi muda huo? Chumbani nilipangwa na Mrusi. Yeye hakujua Kiingereza, mimi sijui Kirusi, kwa hiyo hata ugomvi wa dirisha (alitaka liwe wazi, katika baridi ile!) tuligombana kwa Kichina.

Ila msingi auweke hapa hapa. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Anayefika China hajui hata kujitambulisha anatumia miezi ya mwanzo, kwa ada ya ughaibuni, kujifunza mambo ambayo angeyapata Mlimani kwa nauli ya daladala.

Linaloniuma zaidi ni mawakala wanaouza "masomo China" wakati kozi yenyewe ni ya Kiingereza mwanzo mwisho. Wapo vijana waliomaliza shahada nzima kule, na leo kontena la baba likikwama mimi ndiye ninayeitwa kuongea na kiwanda.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujatoa hela dai ratiba ya wiki: saa ngapi ni za Kichina, na bwenini atalala na nani. Majuzi nilimuuliza wakala mmoja maswali hayo mbele ya mteja wangu. Akajibu kwamba ratiba hutolewa baada ya malipo. Mteja wangu akarudisha bahasha mfukoni, tukaondoka.

Mkalimani,
Kariakoo, Dar es Salaam