Taiti tatu zenye lebo

Mwanangu mpendwa,

Nimeziona. Jana usiku ulipokuwa umelala nilikuwa natafuta nafasi ya taulo chini ya begi lako, mkono ukagusa mfuko. Taiti tatu, fulana mbili, sidiria mbili za mazoezi. Zote mpya, na zote bado zina lebo, kile kiuzi cha plastiki hakijakatwa hata kwenye moja. Nilikaa sakafuni nikazikunjua moja moja, nikavuta lastiki ya kiuno kwa vidole viwili kama ninavyofanya kazini. Namba sikuisoma. Nguo hizo zimeshonewa mtu mwembamba kuliko wewe kwa saizi mbili nzima.

Sikukuamsha. Ningekuamsha tungegombana, na safari ni keshokutwa, sitaki uondoke na maneno. Ndiyo maana naandika, na barua hii utaikuta humo humo kwenye mfuko.

Nina swali moja tu, na utanisamehe nikilirudia: huko uendako, utakuwa unatoka kufanya mazoezi, au hutatoka?

Kazi uliyoipata ni ya kukaa. Najivunia kazi hiyo, nimewaambia watu wote, hata wasiouliza. Lakini ni kazi ya kukaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni, halafu chumba cha peke yako, halafu simu mpaka saa saba za usiku, maana tabia hiyo nayo unaondoka nayo. Presha ya baba yako sina haja ya kukuhadithia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa kwa siku. Nusu saa, mwanangu. Utatoka?

Najua ulichojiambia uliponunua zile taiti. Ulijiambia nikipungua nitazivaa. Kauli hiyo naisikia tangu nilipoanza kukaa nyuma ya cherehani. Mteja ananiletea kitambaa, ananiambia, "Fundi, ibane kidogo, mwezi ujao nitakuwa nimepungua." Naibana. Baada ya mwaka mmoja au miwili nguo inarudi, bado ina pasi ile ile niliyoipiga mimi, na mteja anauliza kama inaweza kupatikana sketi ya mtoto humo. Mwanzoni nilikuwa nashona tu, pesa ni pesa. Siku hizi nakataa. Namwambia nitakushonea wewe uliyesimama hapa, na kitambaa cha akiba nitaacha ndani ya mshono. Ukipungua uje, kupunguza ni kazi ya dakika kumi. Wengine wanakasirika wanaenda kwa fundi mwingine.

Inachofanya nguo ya namna hiyo nakijua. Asubuhi unafungua kabati umeazimia kabisa, unaiona, unakumbuka kwamba haikuingii, unafunga kabati. Ulichokinunua kikuite kinakurudisha kitandani. Kila siku kinakuambia bado, bado, bado. Na wewe unaamini kwamba umeshaanza, kwa sababu pesa umeshatoa.

Mdogo wako, unavyomjua anavyopenda kusoma mambo ya saikolojia, nimemuuliza leo asubuhi bila kumwambia ni ya nani. Akanisomea jaribio moja la mwaka 2012, la watafiti wawili, Hajo Adam na Adam Galinsky, huko Marekani. Limenikaa kichwani kwa sababu linahusu koti, na koti nalielewa. Waliwapa watu koti jeupe. Wengine waliambiwa ni la daktari, wengine wakaambiwa ni la mchora picha, na koti ni lile lile, kitambaa kile kile. Kisha wakapewa picha mbili zinazofanana watafute tofauti. Walioamini wamevaa la daktari waliziona tofauti nyingi zaidi. Hapo mdogo wako akataka kuendelea, nikamzuia arudie kipande kinachofuata: kulikuwa na kundi la tatu, ambalo koti la daktari lilikuwa limewekwa mezani tu mbele yao. Wanaliona, hawajalivaa. Hao hawakufikia wale waliolivaa.

Nilipoisikia hiyo niliuona mfuko wako kabisa.

Lakini mtoto ni mkweli, akaniongezea kwamba mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio mojawapo katika yale ya koti, kwa watu wengi zaidi, na hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo sikuambii nguo ni dawa. Nakuambia ninachokijua mwenyewe.

Unakumbuka daktari aliponiambia nitembee. Hukuwepo kuona nilivyotii. Miezi mitatu nilikuwa natoka na gauni langu la kushindia na kandambili, na kila siku sikufika popote. Nikikaribia mlango mtu ananiita, mama nishikie hiki, mama ufunguo uko wapi, nami narudi kwa sababu nimevaa kama mtu wa kurudi. Kisha nikavaa zile raba ulizoninunulia, ambazo nilikuwa nazitunza kabatini. Nilikuwa nazitunza, ndiyo. Nisingethubutu kukusema peke yako. Siku niliyozifunga kamba, mdogo wako alinitazama miguuni akasema, "Mama unatoka," na hakuniomba kitu. Hata mimi, nikishafunga kamba naona aibu kukaa. Ni kitu kidogo sana, lakini mwezi wa nne sasa, na ile sketi yangu ya bluu ilianza kupwaya bila mimi kuingojea.

Kwa hiyo nguo inasaidia, siwezi kukataa, ndiyo kazi iliyokulisha wewe. Inasaidia ikiwa mwilini. Ukirudi kazini usikae kitandani na nguo za kazini hata dakika moja. Badilisha hapo hapo. Hata kama utaishia kuzunguka jengo mara mbili, badilisha. Usiku uziweke kwenye kiti, fulana juu, soksi ndani ya raba, ili asubuhi usiwe na la kuamua. Na usizigeuze za kushindia. Ukizizoea kwa kulala na kwa kufulia hazitakukumbusha tena kutoka.

Jambo la kioo. Usiende jimu yenye vioo kila upande mwezi wa kwanza, kama unaweza kukwepa. Hilo nalo mdogo wako amenisomea, la mwaka 1998, la Barbara Fredrickson na wenzake: wanafunzi waliingizwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye kioo, wengine wavae sweta, wengine nguo ya kuogelea, halafu wakiwa bado wamevaa wafanye hesabu. Wasichana waliovaa nguo ya kuogelea walifanya hesabu vibaya kuliko waliovaa sweta. Hakuna aliyekuwa anawatazama. Wavulana haikuwapunguzia kitu. Nimefikiria jambo hilo siku nzima nikiwa kwenye cherehani: msichana yuko peke yake, mlango umefungwa, na bado anajikagua mpaka hesabu zinamshinda. Mtu anayejikagua hivyo atakimbiaje?

Na kujikagua hakuanzi kwenye kioo. Fundi akipima huwa anataja namba kwa sauti ili anayeandika asikie. Ni mazoea ya kazi. Siku ile ya gauni la sherehe sebule ilikuwa na watu, na mdogo wako hakusikia, nikairudia. Nikairudia mara ya pili. Halafu nikaongeza lile neno, ambalo siliandiki hapa maana unalo. Watu walicheka, na wewe ulicheka. Wiki ile ile raba zako hazikuonekana tena pale mlangoni. Nilijiambia masomo yamekubana. Nilijiambia hivyo muda mrefu sana.

Basi. Ulikuwa unakimbia vizuri, mwanangu. Uliamka kabla ya mtu yeyote humu ndani, na bukta ile ya kijani iliyochanika mfukoni, wala hukuwahi kuniomba niizibe. Hukuwa na taiti hata moja. Kwa nini sasa unangoja taiti?

Babu yako alikuwa anamtaja Abebe Bikila kila akiona mtu analalamikia vifaa, nami nilikuwa namwona anarudiarudia, lakini leo namwelewa. Roma, 1960, viatu alivyopewa Bikila kwa ajili ya marathoni havikumkaa vizuri mguuni. Akaviacha. Akakimbia peku kilomita zote 42 na ushei, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi ile. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena. Sikuambii ukimbie peku, usije ukaniumizia miguu ugenini. Nakuambia kwamba kisichomkaa alikiacha, na mbio hakuziacha.

Sasa fungua mfuko wa pili, ule wa kitambaa. Nimekushonea taiti mbili na fulana mbili. Sikukupima. Nilichukua vipimo kwenye sketi uliyoivua juzi ukaiacha kwenye kamba, nikailaza mezani nikaizunguka na futi. Namba sijaiandika popote, wala kwenye daftari langu, wala ndani ya nguo. Ndani ya kiuno nimeweka uzi mwekundu kidogo ujue upande wa nyuma, basi. Kiuno nimekipandisha kisikuteremkie ukikimbia, maana mtu anayevuta nguo kila hatua anachoka na nguo kabla ya kuchoka na mbio. Mishono ya ndani ya paja nimeilaza bapa isikuchubue. Mfuko wa ufunguo uko kiunoni kwa ndani.

Kitambaa ni polyesta yenye kuvutika. Najua unapenda pamba, na mimi pia, lakini pamba inakunywa jasho na kubaki nalo. Ukilowa inakuwa nzito, inakugandia, na huko kukiwa na baridi utaugua. Polyesta inaliacha jasho likauke. Ubaya wake inashika harufu. Kwa hiyo usiitupe kwenye kona mpaka Jumamosi kama ulivyozoea. Igeuze ndani nje, ifue siku hiyo hiyo kwa maji ya kawaida, usitie dawa ya kulainisha nguo, usipige pasi. Joto linaua lastiki.

Sidiria sijashona, hiyo ununue, na ununue ya saizi yako. Hapo usifanye ubahili. Wanawake wangapi wameacha kukimbia kwa maumivu ya kifua, wakadhani ni uvivu! Ya kwanza kabisa ya kukimbilia ilitengenezwa Marekani mwaka 1977, kwa kuunganisha nguo mbili za ndani za wanamichezo wanaume, zile za kushikilia. Lisa Lindahl alikuwa anaumia akikimbia, rafiki yake Polly Smith alikuwa mshonaji wa mavazi ya maigizo, wakakaa na Hinda Miller wakaishona. Nikiisikia habari hiyo nafurahi mpaka leo. Ukiijaribu dukani rukaruka humo chumbani, inua mikono, vuta pumzi ndefu. Ikikunyima pumzi iache.

Zile taiti tatu sikuzibadilisha kitu, nimezirudisha zilivyokuwa. Ni zako na pesa ni yako. Ukitaka kumpa mtu mpe, ukitaka kuziacha nyumbani ziache. Ningefurahi usiende nazo. Lakini ukienda nazo sitasema neno, nimeshasema ya kutosha kuhusu mwili wako.

Utatoka, mama? Hata mara tatu kwa wiki nitalala usingizi. Usinitumie picha, usinitumie uzito, sitaki kujua uzito. Nitumie neno moja tu kwenye simu: nimetoka.

Mambo mengine. Begi la kijani zipu yake inakwama kwenye kona ya kushoto, nimeipaka sabuni, usiivute kwa hasira. Funguo za kabati lako niachie, nataka kumhamishia mdogo wako vitabu. Mkanda wa cherehani umeanza kukatika tena, ndiyo maana fulana moja mshono wa begani umepinda kidogo. Niliona saa tisa za usiku, sikuwa na nguvu ya kuufumua. Vaa hiyo siku za mvua. Shangazi yako atakuja kukuaga kesho jioni, na akianza kuzungumzia umenenepa au umepungua, nitamjibu mimi.

Mkasi mdogo nimeuweka kwenye begi kubwa, mfuko wa pembeni, pamoja na sindano na uzi mweusi. Usiuweke kwenye mkoba wa mkononi, watakunyang'anya uwanja wa ndege.

Mama yako