Mwanangu, kuhusu zile zawadi za gemu yako

Baba,

Salamu kutoka Tororo, wote wazima, bibi yako jajja goti limepunguza kuuma ila bado anasingizia mvua. Barua yako matroni aliipiga picha akanitumia kwa WhatsApp, nikaisoma nikiwa dukani nikacheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Mtoto yuko senior two, bodingi, anaandika ukurasa mzima hakuna hata mama umeamkaje, ni mambo mawili tu: eti kila jioni nifungue simu yako niingie kwenye gemu nikuchukulie zawadi za kila siku zisikupite, na eti nikununulie pasi ya sizini, yaani nilipie ufunguliwe zawadi za msimu, kabla haijafungwa.

Hiyo ya zawadi nilijaribu, usiseme mama hakujaribu. Nimefungua, kwanza ikala bando ikijiapdeti, nikangoja weee, halafu ikaja na makelele yake, bonyeza hapa, bonyeza pale, sanduku likafunguka likatoa daimondi chache na koti la mtu. Sawa. Kesho yake nilikuwa na wageni nikasahau. Basi simu iko ndani ya droo, saa nne za usiku ikalia, eti tumekumisi, rudi, zawadi yako inangoja. Siku iliyofuata tena, eti wenzako wako vitani wewe uko wapi. Banange! Mtoto yuko prep anasoma baiolojia na kuna kitu kinamtafuta usiku kama mtu anayemdai.

Hapo ndio nikaanza kuwaza gemu zetu. Si kwamba zilikuwa nzuri kuliko zenu, mimi na macho yangu naona zenu zinavyopendeza, nyasi zinatikisika, mchezaji anatoka jasho. Ila zetu zilikuwa hazikujui. Ukizima tivii imeisha, jina lako haina, haijui ulicheza jana wala haijali kama utacheza kesho, hata ile alama kubwa uliyoivuja jasho ilikuwa inafutika palepale ukichomoa umeme, na mtu akibisha huna ushahidi.

Yetu ililetwa na mjomba wako mkubwa, yule aliyekuwa taniboi wa lori la Mombasa, alishuka Malaba mpakani na boksi limefungwa kwa kamba. Mashine yenyewe kopi. Ya asili ilikuwa ya Nintendo, inaitwa Famicom, ilitoka Japani 1983, lakini ile yetu haikuwa na neno Nintendo popote, hilo jina nimekuja kulijua nikiwa mtu mzima, sisi tuliita gemu ya tivii basi. Unachomeka waya pale pa antena, unazungusha kitufe cha chaneli polepole, chenga chenga chenga, mara picha inatokea, na ole wake mtu atakayegusa ule waya. Babu yako alikuwa mtu wa reli, ile tivii aliinunua kwa kujinyima, na mtaa mzima ulikuwa unaamini gemu inaua skrini, kwa hiyo tukisikia kengele ya baiskeli yake tunazima, tunarudisha antena, tunashika vitabu. Naye anaingia, hasemi kitu, anaweka kiganja juu ya tivii kusikia kama ina moto.

Kaseti ilikuwa ya manjano na imeandikwa ina gemu 9999. Wizi mtupu. Ukishuka kwenye orodha ni gemu chache zilezile zinajirudia, hii wameianzisha levo ya tatu, ile wamebadilisha rangi, wanaihesabu ni mpya. Tulijua tumeibiwa na tulicheza.

Yetu hasa ilikuwa ya vifaru, Battle City, ya Namco ya 1985, mimi na mjomba wako huyu wa Mbale. Kuna tai yuko chini katikati amezungushiwa matofali, mnamlinda wawili, kila levo vinakuja vifaru 20 na levo ziko 35. Sasa utamu ni huu, ukimpiga mwenzako risasi hafi, anaganda pale alipo kwa muda. Mjomba wako alikuwa ananigandisha makusudi kila nyota ya kuongeza nguvu ikitokea ili aende aichukue yeye! Halafu pedi ya kwanza ndio ilikuwa na kitufe cha START, ya pili haina, na pedi ya kwanza ni ya nani, ni yake kwa sababu ni mwanaume na ni mkubwa kwangu kidogo, basi nikianza kuwa moto anapauzi, anaenda kunywa maji, anarudi taratibu. Mimi silaha yangu ilikuwa moja. Ile gemu inakuruhusu kumpiga tai wenu wenyewe, risasi moja tu na imeisha kwa wote wawili. Nilimuua yule tai sana baba, sana, na nikakimbilia jikoni kwa bibi yako.

Na unajua zilikuwa ndogo kiasi gani? Super Mario ile ya 1985 yote, levo zote, muziki, kila kitu, ni kilobaiti 40. Ile picha ya barua yako aliyonitumia matroni ni kubwa kuliko Mario mzima. Sasa hivi gemu kubwa za PlayStation na kompyuta zinapita gigabaiti 100, wale walikuwa wanabana kila kitu, ukitazama vizuri mle ndani mawingu na vichaka ni mchoro uleule, juu wameupaka weupe chini kijani. Sisi hatukuwahi kugundua. Na kwa sababu nafasi ni ndogo hawawezi kukuwekea levo nyingi, wanafanya chache ziwe ngumu za kulia. Contra, ile ya kupigana risasi, unapewa laifu tatu, levo ni nane, na nafasi chache za kuendelea, zikiisha zote unarudi mwanzo kabisa, hakuna kuseivu. Halafu akaja binamu kutoka Nairobi na siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapata laifu 30. Alituuzia hiyo siri kwa mandazi. Mpaka leo vidole vyangu vinaikumbuka, namba yangu ya kitambulisho, NIN, siikumbuki.

Umeme ukikatika tulikuwa na ile ndogo ya mkononi ya betri, ya matofali yanayoanguka, skrini yake haina taa kwa hiyo mnainamia taa ya tadooba vichwa vinagongana, moshi puani. Hiyo ni mtoto wa Tetris, aliyoitengeneza Alexey Pajitnov kule Moscow 1984. Watu waliamini Tetris haina mwisho, matofali yanaongeza kasi tu mpaka yakuue. Sasa Desemba 2023 mtoto wa Marekani wa miaka 13, mdogo kuliko wewe, akaicheza ile ya Nintendo mpaka yenyewe ikashindwa, ikaganda kwenye levo 157, mashine imechoka na mtoto bado anataka. Hiyo habari niliisoma nikafurahi kama ni wangu.

Usidhani nasema watu wa zamani walikuwa malaika hawapendi pesa. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilifanywa ngumu makusudi ufe haraka uongeze nyingine. Ila inakula sarafu zako ukiwa umesimama mbele yake, ukiondoka imeachana na wewe, haikufuati mpaka kitandani. Hii yako imejua saa unazocheza, imejua marafiki zako, imejua ukikaa siku mbili unaanza kusahau ndio maana inapiga kengele mapema. Na hiyo sizini yenu, mimi nimeangalia tarehe, inafungwa katikati ya mitihani yenu. Wao wanaweka saa ikimbie ili uogope, kuna ubaya gani lile koti likiuzwa hata mwakani? Waliolitengeneza linawagharimu nini kulingoja?

Halafu kuna jambo lingine linaniudhi, ile gemu haiishi nyumbani kwetu. Unakumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilipozimwa? Shule zenyewe zimefungwa, nyinyi mko nyumbani tangu Machi ya mwaka uliotangulia, mkaja kurudi wote kabisa Januari 2022, na wewe gemu ndio ilikuwa rafiki yako wa pekee. Ukaja umeshika simu unalia, mama gemu imekufa. Simu nzima, chaji imejaa, gemu imo ndani na haifunguki kwa sababu mwenyewe yuko mbali anataka kwanza kuongea nawe. Nilikutafutia nini? Ile ya matofali, nikaweka betri mbili, ukaicheza mpaka ukaacha kulia, ukasema mbovu haina rangi, ukaendelea kucheza.

Lakini kuna kitu nakupa, na nakupa moyo mweupe. Hiki Kiswahili chako. Sisi hapa tulikipata kwenye kwota za reli na kwa madereva, wewe umekipata usiku na hedifoni unapiga kelele na watoto wa Mwanza na Mombasa, nifunike nifunike, adui yuko juu ya nyumba. Serikali ilipopitisha 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, wenzako wengi walishika kichwa, wewe ulikuwa unacheka. Pedi zetu mbili zisingekufikisha Mwanza, mimi nilikuwa na adui mmoja tu maishani na tunalala chumba kimoja.

Kwa hiyo sijaifuta, tulia, akaunti yako ipo na daimondi zako zipo. Notifikesheni nimezima zote, nilale. Zawadi za kila siku sichukui tena, na pasi sinunui, pesa yake ukiitaka kwa kitu kingine uniandikie ni kitu gani tuzungumze. Siku ya vizitesheni nakuja na chapati na kuku, rolex za chapati na mayai haziwezi kufika, zinalowa njiani, na unijibu kama soksi zimebaki au wamezimaliza.

Likizo hii tunaenda kwa jajja. Ile tivii nene bado iko chini ya shuka, mjomba wako wa Mbale ameenda akaiwasha imewaka, na ile mashine amepeleka kwa fundi wa redio pale sokoni akaunganisha waya wa pedi ya pili. Kaseti ya manjano anayo, ameniambia kwenye simu ameshaanza mazoezi peke yake, mtu ana watoto wanne. Anasema wewe utacheza naye kwanza na pedi ya kwanza ni yake kama zamani. Usimkubalie. Na akikugandisha, tai unajua alipo.

Mama yako.