Rejeta inasingiziwa, tazameni injini ilivyofungwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma mimi na mafundi wenzangu wa rejeta, ile ya kupoozea maji ya injini, huku Magongo. Mtu akibadilisha injini ya lori, kisha lori likaanza kuchemsha kabla halijafika Mariakani, wa kwanza kulaumiwa ni rejeta. Inafunguliwa, inapakiwa kwenye tuktuk, inaletwa kwangu, naambiwa niizibue au niiongeze safu ya mirija. Naijaza maji, naangalia yanavyoshuka, naipima kama inavuja. Mara nyingi ni nzima kabisa. Lakini mteja ameshaaminishwa na fundi aliyemfungia injini kwamba kosa liko hapo, na nikimwambia hapana, anaibeba anakwenda kwa jirani.

Sina ugomvi na injini za mtumba. Tangu makontena yaanze kupanda reli ya SGR mwaka 2018, wenye lori moja moja wamebanwa kweli kweli, na lori jipya hawaliwezi. Injini ikichoka wanatafuta nyingine iliyotoka Japani, maisha yanaendelea. Lori la Fuso lililokuwa na injini ya 6D14 linavikwa 6D16 yenye tabo, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, lita sita na nusu zinakuwa saba na nusu, na dereva anafurahi akiona mlima umelainika. Asichoambiwa ni kwamba karibu theluthi ya moto wa dizeli inayoungua humo ndani huishia kwenye maji. Nguvu ikizidi, moto wa kutolewa nje nao unazidi, na rejeta bado ni ile iliyopimiwa injini ndogo. Hapo rejeta kubwa inahitajika, sikatai. Ila kwa malori ninayoyaona, mara nyingi tatizo huwa ni upepo.

Mwaka huu nilikataa kuigusa rejeta moja. Nilimwomba mwenyewe airudishe garini, kisha anipeleke lori lilipo, kwenye uwanja mmoja kule Miritini. Feni yake ilikuwa ya kukazwa moja kwa moja, haina klachi, yaani injini ikizunguka nayo inazunguka. Dereva akawasha injini, nami nikachukua karatasi ya gazeti nikaiweka usoni mwa rejeta. Feni inayofanya kazi huivuta karatasi ikaganda hapo bila kushikwa. Pale katikati iliganda. Nilipoisogeza pembeni, ikadondoka. Pembe zote nne, ikadondoka. Nikazunguka nyuma kutazama. Mauntini, vile vikalio vinavyobeba injini, zilikuwa zimechomelewa nyuma kuliko za mwanzo, kwa hiyo feni ilikuwa imeachana na rejeta zaidi ya shibiri nzima, na lile kava linaloizunguka feni lilikuwa limetupwa kwa sababu halikuingia. Fundi aliona ni bati tu la kupamba. Kumbe bila kava feni haivuti hewa kupitia rejeta yote. Inachota ile hewa ya moto iliyo karibu na injini na kuirudisha pale pale. Panga za feni zinatakiwa ziwe nusu ndani ya kava na nusu nje, na mwanya kati ya ncha ya panga na kava usizidi inchi moja hivi. Tulimwita mchomeleaji akatukatia kava jipya la bati, tukaisogeza feni mbele kwa kipande cha chuma. Lori likapanda Mazeras na mzigo wake bila kuchemsha. Rejeta ilikuwa ile ile.

Jambo la pili ni themostati, ile vali inayofungulia maji ya injini yakishapata moto. Hili linanitia uchungu kwa sababu limekuwa kama dini ya gereji zetu: gari likichemsha, ng'oa themostati, tupa. Ndugu zangu, katika injini nyingi za lori themostati haifanyi kazi ya kufungulia maji yaende kwenye rejeta pekee. Ikifunguka, upande wake wa chini huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu kubwa ya maji inazunguka ndani kwa ndani ikiwa ya moto. Umelitia lori ugonjwa uliokuwa ukiutibu. Na usiku likishuka tupu bila mzigo, injini inabaki baridi, inakula dizeli na silinda zinaisha upesi. Kama huiamini themostati, ipime. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, utazame inafunguka wapi. Namba imepigwa chapa juu yake, na nyingi za malori ni kati ya nyuzi 76 na 88. Isipofunguka hapo, nunua nyingine ya namba ile ile.

Kuna hewa pia. Injini ikiingia na mipira mipya ya maji, maji yanamiminwa juu mpaka yanaonekana, kifuniko kinafungwa, safari. Hewa inabaki imejificha kwenye silinda hedi na kwenye mpira wa hita ya kebini. Ikiwa tangi la akiba limefungwa chini kuliko kichwa cha injini, hewa hiyo haitoki yenyewe hata ukizunguka nalo mwezi mzima. Inua pua ya lori, legeza nati ya kutolea hewa au mpira wa juu, wacha injini iungurume polepole, ongeza maji kadiri yanavyoshuka. Na ukiona mapovu hayaishi, au mpira wa juu umekuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, hiyo si hewa ya kujazia. Hiyo ni gasketi au hedi iliyopasuka, na injini irudishwe kwa aliyekuuzia.

Geji ya joto nayo inadanganya. Injini inakuja na sensa yake, kebini ina geji yake, na viwili hivyo havikuzaliwa pamoja. Nimeona lori ambalo mshale ulikuwa unakaa juu kwenye rangi nyekundu ilhali maji hayajafika nyuzi 85. Nimeona na jingine, baya zaidi, mshale uko katikati na hedi inaungua. Sensa ya injini ya zamani ihamishiwe kwenye mpya kama inaingia sawasawa kwenye tundu, au ununue geji na sensa za kuendana. Bunduki ya kupimia joto kwa mwanga siku hizi iko kwenye maduka ya spea. Ielekeze kwenye nyumba ya themostati na utajua ukweli.

Kuhusu maji nitasema machache, maana kila mtu wa Mombasa anayajua maji yetu. Ya mfereji kutoka Mzima, Marere au Baricho yakikatika, tunachota ya visima, na mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi. Chumvi hiyo inakula pampu ya maji na rejeta kutoka ndani. Injini ya mtumba imekaa miezi bila maji, kutu imeshashika. Ukiimiminia maji ya kisima unamalizia. Kulenti, ile dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ni ghali, najua, lakini hata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima.

Sasa nifike kwa kifuniko, na hapa ndipo kilichonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja, utingo, aliungua kifua na mkono wote wa kulia alipofungua kifuniko cha rejeta pembeni mwa barabara. Dereva alimwambia aongeze maji upesi kwa sababu nyuma foleni imejaa na matawi waliyoyaweka barabarani hayaonekani usiku. Lori hilo lilikuwa limebadilishwa injini juzi juzi. Watu wengi hawajui kinachotokea pale. Hapa petu usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko kilichoandikwa 0.5, ndiyo namba ya mbano wake, huyabana mpaka yafike kama 111 bila kuchemka, na cha 0.9 mpaka kama 118. Ukikifungua, mbano unaondoka ghafla, maji yaliyo zaidi ya nyuzi 100 yanachemka papo hapo, yanakurukia usoni. Injini ya moto haifunguliwi. Zima, ondokeni barabarani, subirini mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono na uwe laini.

Na kifuniko hicho hicho kina kazi nyingine. Huko juu Nairobi maji yasiyofungwa huchemka karibu na nyuzi 94, na Timboroa, palipo juu zaidi, chini ya nyuzi hizo. Kifuniko kilichochoka, springi yake imelegea, kinaweza kulifikisha lori Voi salama na kuliaibisha huko mbele. Lakini usichukue cha 0.9 ukakiweka kwenye rejeta ya 0.5 ukidhani unaongeza nguvu. Matangi ya juu yaliyofumuka nimeyachomelea mengi kwa sababu hiyo.

Ombi langu kwa wanaouza injini hizi, na wengi wanasoma gazeti hili: injini inaposhushwa kwenye kontena, feni yake, kava lake, nyumba ya themostati na sensa yake mara nyingi huwa vimo. Msiving'oe mkaviuza kando kwa bei ya spea. Muuzieni mtu vyote kwa pamoja, na kama rejeta yake imekuja nayo, mwambieni. Na kwa mafundi wanaofunga: kabla hamjamkabidhi mwenye lori ufunguo, lipakieni mzigo, lipandisheni mpaka Mazeras mchana wa jua, pimeni joto juu na chini ya rejeta, mrudi nalo. Gharama ya dizeli hiyo iwekwe kwenye bei ya kazi tangu mwanzo, na mwenye lori aambiwe ni ya nini.

Fundi wa rejeta,
Magongo, Mombasa.