Kwa Kamishna wa Wakimbizi, Kenya: tupime pia chuki isiyosemwa

Mheshimiwa Kamishna,

Mpango wa Shirika (Shirika Plan) wa serikali ya Kenya, uliozinduliwa Machi 2025, unataka Kakuma na Dadaab ziache kuwa kambi na ziwe makazi ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Tunakuomba usipime mapatano yao kwa swali la "Je, unawachukia wakimbizi?" Ni wachache watakaokiri hivyo mbele ya mhoji aliyevaa fulana ya shirika la misaada.

Chuki ya wazi hujitokeza ukimuuliza mwenyeji kama atakubali mkimbizi awe bosi wake, au aoe kwao. Ya kichinichini haitukani, inanyima wema tu. Ndiyo maana wanasaikolojia Pettigrew na Meertens, katika utafiti wao wa 1995 kuhusu Ulaya Magharibi, walitumia pia swali hili: ni mara ngapi umewahi kuwahurumia watu hawa, au kuvutiwa nao?

Lakini hojaji yao isinakiliwe nzima. Iliuliza kama wageni wanatofautiana na wenyeji kwa dini na lugha, na jibu la "sana" likahesabiwa dalili ya chuki. Mturkana akisema Msomali ana dini nyingine na lugha nyingine, amesema kweli tu.

Malalamiko ya maji na kuni pia yachujwe, maana yanaweza kutokana na uhaba wala si chuki. Nusu ya wahojiwa waulizwe kuhusu wakimbizi, nusu kuhusu Wakenya waliotoka kaunti nyingine. Pengo kati ya majibu hayo ndilo la kuangalia.

Kwa jambo zito kabisa, gawa wahojiwa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lisomewe kauli 4 za kawaida, la pili kauli hizohizo pamoja na ya 5: "Nisingependa mkimbizi awe jirani yangu." Kila mtu ataje idadi ya kauli anazokubali, asitaje zipi. Wastani ukiwa 2.10 kwa kundi la kwanza na 2.45 kwa la pili, tofauti ya 0.35 ina maana kwamba asilimia 35 hivi wameikubali ya 5. Chagua kauli mbili zinazopingana, la sivyo anayekubali zote atajianika. Na wahojiwa wawe wengi: hata kwa watu 1,000 kila kundi, makosa ya makadirio yanaweza kufika pointi 9 za asilimia juu au chini.

Tafsiri ya Kiturkana na Kisomali irudishwe Kiswahili na mtu ambaye hakuona dodoso la kwanza. Neno "mgeni" liepukwe kabisa: mtu atamfikiria mgeni wa kukaribishwa chai, na majibu yatapendeza kuliko hali ilivyo.

Wako,
Watafiti wa hojaji za jamii